Unimog ya jeshi kuwa nyumba ya safari: injini iache, hangaika na fremu

Wakuu, huu mwaka wa nne niko na Unimog U1300L, lori la Mercedes la njia mbovu, zile zilizotoka jeshi la Ujerumani, ya kwangu ni ya 1984, imetoka kiwandani Gaggenau enzi hizo, nimeichukua ikiwa na turubai na mabenchi nyuma na leo ina kitanda, jiko na tenki la maji. Kila anayeiona swali la kwanza ni moja tu, umefunga turbo? Sijafunga, na wala sifungi. Naona watu wanamwaga hela kwenye injini halafu sanduku la kulalia wanalipiga bolti moja kwa moja juu ya fremu, yaani chasi ya gari, safari mbili tu kilio.

Injini yenyewe ni OM352, dizeli, silinda 6, lita 5.7, hospawa 130 hivi, pampu ya dizeli ya kizamani, hakuna kompyuta popote, ukiipa dizeli safi na hewa inawaka. Ila ni goigoi, sikudanganyi. Mlimani unapitwa na kila chenye magurudumu, tambarare mimi nikigusa kilomita 75 kwa saa naridhika, 80 ni kujitesa na kuitesa. Mafuta inakunywa lita 22 mpaka 25 kwa kilomita 100, kwenye mchanga usiulize. Na kelele! Mle kabini mimi na mke wangu tunaongea kwa mikono, nimebandika mikeka ya kuzuia sauti sakafuni na ukutani, imesaidia kidogo, kidogo kweli. Ukiwa mtu wa haraka hii gari haikufai, tafuta pikapu utafurahi zaidi.

Unachonunua hapa hasa ni ekseli. Kila gurudumu lina boksi lake dogo la gia, kwa hiyo ekseli yenyewe inakaa juu kuliko kitovu cha gurudumu na tumbo la gari linapita juu ya mawe ambayo gari nyingine ingekaa juu yake. Difu, zile gia za katikati ya ekseli, zinafungwa mbele na nyuma kwa hewa ukiwa umekaa kwenye kiti, gurudumu la kulia na la kushoto yanazunguka pamoja. Springi ni za koili pande zote. Mara ya kwanza niliposhusha kwenye korongo nikaona gurudumu moja liko juu na lingine liko shimoni na yote manne bado yanagusa chini, nilicheka peke yangu.

Sasa siri yake ndo hiyo hiyo shida yake. Hiyo fremu imetengenezwa ijinyonge, si kasoro, inajikunja makusudi ili magurudumu yafuate ardhi, na ukiweka juu yake sanduku gumu lisilokunjika moja wapo lazima iachie, au fremu ipasuke kwenye bolti au sanduku lipasuke kwenye kona. Fundi wangu wa kwanza aliniambia "tulia bosi, hii chuma haiendi popote", akalifunga sanduku kwa engoaini, vile vyuma vya pembe, kona zote nne, akakaza. Tukalala siku moja gurudumu la mbele limepanda jiwe, asubuhi mlango haufunguki, umebanwa na fremu yake, nikatokea dirishani kama mwizi na kumbe kona ya juu imeshaachia gundi, kidole kinaingia. Nililaumu fundi wiki nzima ila ukweli nami nilikubali kwa sababu ilikuwa rahisi.

Nikaibomoa, nikatafuta mtu anayejua, akatengeneza fremu ndogo ya pili ya kubeba sanduku. Inakaa kwa pointi nne kama umbo la almasi: mbele katikati kuna egemeo linalozunguka, nyuma katikati lingine, na pembeni kulia na kushoto ndo imeshikwa. Fremu kubwa inajinyonga chini, sanduku juu limetulia kama halihusiki. Iko pia ya pointi tatu, nayo ni nzuri tu. Akatumia matundu ya bolti yaliyokuwepo, hakutoboa mapya wala hakuchomelea chochote kwenye fremu kubwa, na ukimkuta fundi ana mashine ya kuchomelea mkononi anaisogelea fremu yako mwambie aiweke chini kwanza muongee.

Kama unataka kupita kutoka kabini kwenda nyuma bila kushuka, kumbuka kabini na sanduku kila moja linacheza kivyake, weka mpira wa kujikunja katikati na uwe unafunguka, maana kabini inainuliwa mbele ukitaka kushika injini. Mimi niliacha, nashuka naingia kwa mlango.

Uzito ndo unaua hizi gari kimya kimya. Jeshini ilikuwa lori la kubeba tani mbili, ikijaa mwisho tani 7.5, na ukishahesabu sanduku, fremu ya pili, betri, maji lita 300 ambayo ni kilo 300 tayari, tairi la spea, mnakaribia kabisa. Niliipeleka mizani nikatoa mashine ya kufulia. Ndio, nilikuwa nimeweka mashine ya kufulia, tuendelee.

Umeme ni volti 24, vifaa vingi vya ndani ni 12, na kosa la watu wengi, mimi nikiwemo, ni kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Ile moja inanyonywa, nyingine inachajiwa kupita kiasi, nikaua zote mbili ndani ya msimu mmoja. Funga konvata ya kushusha 24 kuwa 12, au betri za nyumba ziwe mbali kabisa na za gari.

Matairi nimetoa 335/80R20 nimeweka 365/80R20, kimo kinaongezeka karibu asilimia 5, injini inapumua kidogo barabarani, basi. Hewa ya breki unaweza kuivuta kujazia matairi, kwenye mchanga unashusha presha halafu unajaza mwenyewe. Ukivuka maji mengi kagua oili ya yale maboksi ya magurudumuni, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, badilisha siku hiyo hiyo usisubiri.

Naipa nyota nne. Ya tano imezuiwa na lile dirisha la duara la juu ya kabini walilokuwa wanasimama askari, mpira wake umechoka, nimepaka silikoni mara tatu na bado mvua ikinyesha linadondosha upande wa abiria. Mke wangu ana taulo lake pale.