Miezi minane na Ella Fitzgerald: uzoefu wangu na albamu ya nyimbo za Cole Porter

Nilimpata kwa bahati tu. Nilikuwa natafuta nyimbo za Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazi, kwenye simu, nikaletewa wimbo alioimba na Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, na ulipoisha programu ikaendelea yenyewe kuchagua. Ilikuwa saa tano usiku, bando la usiku linaliwa, nami nimekaa kitandani na hedifoni masikioni namsikiliza mwanamke anayeimba kwa utulivu wa mtu anayewasomea wazazi barua iliyotoka kwa ndugu aliye mbali. Kazi yenyewe inaitwa Ella Fitzgerald Sings the Cole Porter Song Book, yaani Ella akiimba nyimbo za Cole Porter, mtunzi wa Kimarekani. Ilirekodiwa Februari na Machi 1956, ina nyimbo 32, na usiku ule nilifika ya kumi na kitu ndipo usingizi ukanishinda.

Wiki ya kwanza sikumpenda sana, nakiri. Nilikuwa nimezoea Billie Holiday, mwimbaji mwingine wa jazi, ambaye akiimba mapenzi unaona jeraha lenyewe. Huyu sauti yake haina hata mkwaruzo. Inapanda na kushuka bila jasho, kila noti inakaa mahali pake, nami nikajiuliza: mbona huyu haumwi? Nikamweka katika kundi la waimbaji wa hotelini, wazuri wa kusindikiza chakula.

Kilichonigeuza ni daladala. Nasafiri kila siku kati ya Mbagala na Posta, na anayeijua njia hiyo anajua kelele zake: konda anagonga bodi, abiria wanagombea chenji, dereva ana redio yake. Katikati ya hayo yote nilisikia kila neno la Ella. Kila neno! Kiingereza si lugha ya mama kwangu. Nyimbo nyingi za Kimarekani huwa naambulia nusu, nyingine nabuni. Huyu hakunipotezea hata silabi. Herufi za mwisho, zile t na d ambazo waimbaji wengi huzimeza, yeye anazitua taratibu kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Husimuliwa kwamba Cole Porter mwenyewe aliposikia rekodi hizi alichosifu kwanza ni matamshi. Naamini kabisa. Mshairi yeyote angeanzia hapo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, siku zangu zinaisha katika vina na mizani, kwa hiyo Porter alinishika mahali ninapopajua. Mtu huyu alikuwa mwendawazimu wa vina. Haridhiki na kina cha mwisho. Anaweka cha kati, kisha anapenyeza kingine pale usipokitazamia. "You're the Top", ya mwaka 1934, ni orodha ya sifa tupu: mpenzi anafananishwa na Mnara wa Pisa, na Mahatma Gandhi, na Mickey Mouse, yote katika pumzi moja. Ni majigambo yaliyogeuzwa kichwa chini, maana yule ambaye kwetu angejisifu, hapa anajidunisha na kumkweza mwenzake. Mwimbaji mwenye haraka angeiua. Ella anaipa kila sifa nafasi yake, kisha anapita.

Lakini nyimbo hizi ni kitu gani hasa? Nyingi ziliandikwa kwa ajili ya maigizo ya muziki ya Broadway, jijini New York, katika miaka ya 1920 hadi 1940. Anayeimba jukwaani ni mhusika mwenye jina na matatizo yake. Wimbo unaanza na utangulizi, nusu kuimba nusu kusema, mhusika akieleza yuko wapi na kimempata nini. Ndipo linakuja lile umbo ambalo watu wote wanalijua. Mara nyingi umbo hilo lina sehemu nne zenye kulingana, tatu zinashabihiana na moja, ile ya tatu, inachepuka. Anayejua tarbia hatapata shida kulielewa. Igizo likifungwa, wimbo unatoka nje kutafuta maisha, unachukuliwa na bendi za dansi, na kitu cha kwanza kukatwa ni ule utangulizi, maana wachezaji hawana muda wa maelezo.

Ella anauimba ule utangulizi. Si katika kila wimbo, ila mara nyingi kiasi cha kukubadilishia nyimbo ulizodhani unazijua. Nilikuwa nimesikia baadhi ya hizi kwa waimbaji wengine kwa miaka, na ilikuwa kama kusoma utenzi uliochanwa kurasa za dibaji: hujui nani anasema, wala anamwambia nani. Hapa ndipo nilipoacha kuuliza kwa nini haumwi. Anayeumwa ni mhusika. Yeye Ella amekaa pembeni kidogo, ameshika taa.

Mnapopata nafasi sikilizeni "Ev'ry Time We Say Goodbye". Kuna mahali mashairi yenyewe yanataja muziki kugeuka kutoka meja kwenda maina, yaani kutoka rangi ya furaha kwenda ya huzuni, na papo hapo ala zinageuka vivyo hivyo chini ya neno. Mwimbaji anayependa kuonekana angekuonyesha kwa kidole: haya, sikia! Ella hafanyi chochote. Analiweka neno, muziki unageuka, anaendelea. Nimeirudia sehemu ile pengine mara hamsini na bado nywele zinanisimama.

Halafu kuna "Miss Otis Regrets", na hapa nitakaa kidogo.

Ni wimbo wa ajabu. Mtumishi anamwarifu bibi mmoja, kwa adabu zote, kwamba Miss Otis anasikitika hataweza kuja kula chakula cha mchana. Beti zinavyokwenda tunajua sababu: amempiga risasi mwanamume aliyemhadaa, kundi la watu limemtoa jela, limemning'iniza mtini. Na kila ubeti unarudi kwenye ule ule udhuru wa chakula cha mchana. Porter aliuandika kama mzaha mchungu, na wengi wameuimba hivyo, kwa kukonyeza. Ella anauimba na piano peke yake, ya Paul Smith. Okestra yote imenyamazishwa. Hakonyezi. Anaubakiza katika sauti ya mtumishi, sauti ya mtu aliyefundishwa kutoonyesha chochote mbele ya matajiri.

Sasa kumbuka ni nani anaimba na lini. Oktoba 1955, miezi minne tu kabla ya kuingia studio, polisi wa Houston huko Texas walivamia chumba chake cha kubadilishia nguo wakamkamata, yeye na wanamuziki wenzake akiwemo mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, eti wanacheza kamari. Meneja wake, Norman Granz, alikuwa amesisitiza weusi na weupe wakae pamoja ukumbini usiku ule. Na wakati albamu inarekodiwa, weusi wa mji wa Montgomery, Alabama, walikuwa wamegoma kupanda mabasi kupinga kutengwa ndani yake, mgomo ulioanza Desemba. Mwanamke mweusi wa Marekani, Februari au Machi ya 1956, anaimba habari za kundi la watu, kamba na mti, kwa sauti isiyotetemeka. Sijui kama alikusudia nisikie ninachosikia. Mimi nasikia.

Granz huyo ndiye aliyeanzisha kampuni ya rekodi ya Verve mwaka 1956, na kazi hii ni miongoni mwa za kwanza alizotoa. Kabla ya hapo Ella alikuwa tayari na jina kubwa: alishinda shindano la ukumbi wa Apollo huko Harlem, New York, mwaka 1934 akiwa na miaka 17 (alikwenda kucheza dansi, akaghairi na kuimba), akaimba na bendi ya Chick Webb, akarekodi miaka mingi na kampuni ya Decca. Mwenyewe alisema baadaye kwamba albamu ya Porter iligeuza maisha yake.

Kasoro zipo. Mpangaji wa muziki, Buddy Bregman, alikuwa kijana wa miaka 25, na kuna nyimbo unasikia kabisa ujana wake: tarumbeta zinaingia kwa vishindo pale ambapo Ella ameshasema kila kitu. Nyimbo 32 kwa mkao mmoja nazo ni nyingi mno. Nilijaribu Jumapili moja, kufika ya ishirini masikio yalikuwa yameshiba hata sikuweza kutofautisha. Sasa nasikiliza nne au tano, basi. Na ukitaka vurugu, ukitaka Ella yule wa kuvunja maneno na kuimba kama tarumbeta, hapa hayupo. Katafute rekodi yake ya jukwaani Berlin ya 1960, ile aliyosahau maneno ya "Mack the Knife" akatunga mengine palepale.

Nimeshagusa na nyingine katika mfululizo huu wa albamu za Ella ziitwazo Song Book, kila moja ya mtunzi au watunzi wake, ambao jumla ni vitabu vinane vya nyimbo. Ule wa Rodgers na Hart, wa mwaka 1956 pia, nimeupenda kwa wimbo mmoja tu, "Bewitched", unaofika dakika saba kwa sababu Ella haruki beti. Mhusika ni tajiri mwenye mume, amepumbazwa na kijana asiye na mbele wala nyuma, na kila ubeti anajicheka zaidi. Ule wa ndugu Gershwin, wa 1959, ni mzigo: santuri tano, nyimbo zaidi ya 50. Ila mpangaji pale ni Nelson Riddle, na tofauti ni ya usiku na mchana. Riddle anajua kunyamaza. Kama una pesa ya mmoja tu na hujali urefu, pengine huo ndio bora kuliko wote. Mimi bado nabaki na Porter, labda kwa sababu ndiye aliyenipokea mlangoni.

Neno kwa wanaotaka kununua. Baada ya miezi mitatu ya bando niliona aibu, nikaagiza CD mtandaoni kwa bei ya kutupa. Ikaja yenye picha ya Ella na jina la Porter juu, ndani nyimbo 14, sauti imefifia kama inatoka ndani ya pipa, na wimbo mmoja umekatwa kabla haujaisha. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Kwa hiyo hesabu nyimbo kabla hujalipa: toleo kamili lina CD mbili, nyimbo 32 au zaidi, na jina la Verve lipo. Binamu yangu aliye London ndiye aliyeniokoa. Alinipatia iliyotumika kidogo, akamkabidhi shemeji aliyekuwa anakuja likizo. Imefika salama, kava tu limepata ufa.

Kwa nyota, nampa nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya zile tarumbeta.

Mke wangu hakuvutiwa mwanzoni. Aliita "muziki wako wa lifti". Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha madaftari sebuleni, CD inacheza, nikainuka kuizima ili nisikilize taarifa ya habari ya saa mbili. Akatoa kichwa jikoni: "Baba Neema, mwache kwanza amalizie, yule mama wa chakula cha mchana wamemfanyaje?" Ilinibidi niurudishe mwanzo, nikawa namtafsiria ubeti kwa ubeti, na wali ukashika ukoko.