Kijiti cha gemu za zamani: rahisi, lakini Mario anachelewa kuruka

Miezi miwili iliyopita nilinunua Kariakoo, kwa shilingi 65,000, kijiti cha gemu za zamani kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la televisheni bapa, kikiwa na pedi mbili zisizo na waya na kadi ambayo kasha linatangaza kuwa ina gemu zaidi ya 10,000. Nyumbani Tabata bado ninayo mashine ya gemu za kaseti, mojawapo ya zile zilizoiga Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya mwaka 1983, pamoja na televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, hivyo nimecheza gemu zilezile kwa njia zote mbili.

Kwa urahisi, kijiti kinastahili sifa. Hakuna kupuliza kaseti, hakuna kuhangaikia waya, na ukihifadhi ulipofikia, umeme ukikatika huanzi upya. Orodha ya gemu imejaa marudio yenye majina tofauti, lakini hilo halikunisumbua.

Kilichonisumbua ni kuchelewa. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilitengenezwa wakati televisheni ya chogo ilikuwa ikichora picha papo hapo ishara inapofika, mstari baada ya mstari, ilhali televisheni bapa huipokea picha, huichakata na kuikuza kwanza, na pedi isiyo na waya pamoja na programu inayoiga mashine ya zamani huongeza ucheleweshaji wao. Kwenye chogo nabonyeza nikiwa ukingoni kabisa mwa shimo na Mario anaruka. Kwenye kijiti alitumbukia mara tatu mfululizo katika shimo lilelile, mpaka nilipojizoeza kubonyeza mapema. Kuwasha hali ya gemu kwenye mipangilio ya televisheni kulisaidia sana, ingawa hakukumaliza tatizo. Badilisha pia umbo la picha liwe 4:3, yaani lile la televisheni za zamani, la sivyo Mario atatanuka kama aliyekanyagwa.

Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata kwa kulenga kioo kwa bunduki ya kuchezea, imo kwenye orodha, lakini kijiti hakina bunduki. Niliunganisha mashine ya kaseti, yenye bunduki yake, na televisheni bapa ili mpwa wangu ajaribu. Akalenga, akafyatua, bata wakaruka zao na mbwa wa kwenye gemu akacheka. "Mjomba, bunduki imeharibika?" Haikuharibika. Unapofyatua, kioo huwa cheusi kwa kitambo kidogo sana, kisha mraba mweupe hutokea pale alipo bata, na bunduki husubiri kuuona mwanga huo kwa wakati maalumu. Kwenye televisheni bapa mwanga hufika ukiwa umechelewa. Tulipohamia kwenye chogo, alimwangusha bata wa kwanza kwa risasi ya pili.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kwa anayetaka watoto waonje Contra siku ya mapumziko, kinatosha na bei yake ni ya haki. Kwa aliyeijua Mario kwa vidole, atafute chogo zima mapema, kwa kuwa mafundi wake wanapungua. Langu limeanza kuweka doa la kijani kwenye kona ya juu, na fundi wa Buguruni ameahidi kuja Jumamosi.