Tahadhari: Wakala anayewauzia vijana wa parokia za Nairobi "tiketi" za Seoul 2027

Tangazo hili linawahusu viongozi wa vijana, wazazi na walezi wa parokia za Nairobi ambao wanachangisha fedha kwa ajili ya Siku ya Vijana Duniani, mkutano wa vijana Wakatoliki pamoja na Papa, itakayofanyika Seoul, Korea Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Kuna wakala wa usafiri mwenye ofisi ndogo katikati ya jiji ambaye anazunguka katika parokia za Eastlands, mashariki mwa jiji, akidai kuwa ameteuliwa kuwasafirisha vijana wa Kenya, na ambaye amepokea malipo ya awali ya vijana wetu kisha akawapa karatasi zisizo na thamani yoyote. Jina lake sitalitaja kwa sababu suala limekwisha kufikishwa kwa polisi, na kulitangaza sasa kutampa nafasi ya kufunga duka hilo na kufungua jingine kwa jina jipya. Mbinu zake, hata hivyo, nitazieleza kinaganaga.

Alitujia Jumapili, baada ya Misa ya pili, akiwa amefuatana na mwanakwaya wa parokia jirani ambaye wengi wetu tunamfahamu, na nadhani mwanakwaya huyo naye alikuwa amedanganywa. Mgeni huyo alikuwa na taarifa zetu nyingi. Alijua kwamba tulikuwa tumekwenda Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, na alijua hata nyimbo tulizoimba ndani ya basi, kwa kuwa vijana walikuwa wameweka video zote kwenye Facebook. Safari ile ilikuwa ya furaha kubwa: kuvuka mpaka wa Busia alfajiri kwa kitambulisho cha taifa tu, kula rolex za moto (chapati zilizoviringishwa na mayai) kando ya barabara, na kulala nje kwenye mikeka katikati ya mahujaji waliotembea kwa miguu majuma mazima. Aliizungumzia kana kwamba alikuwa miongoni mwetu, kisha akasema kwamba vijana waliovumilia usiku wa Namugongo wanastahili kumwona Baba Mtakatifu Seoul. Nani angekataa? Kikundi ambacho kimezoea kusafiri kwa basi kinajua kupatana bei na mwenye basi na kulikagua matairi, lakini mambo ya tiketi za ndege na viza ni ulimwengu mwingine, na huyu bwana alilijua hilo vizuri.

Fedha alizochukua hazikuokotwa barabarani. Zilitokana na chai na mandazi yaliyouzwa kila Jumapili chini ya mti wa kanisani, na magari ya waumini yaliyooshwa na vijana wakati wenzao wakiwa nyumbani wakitazama mpira. Kulikuwa pia na kadi za michango zilizozungushwa katika jumuiya ndogo ndogo na harambee moja ambayo kina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, waliisimamia kwa bidii ya ajabu. Mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Wakulima aliahidi shilingi 200 kila mwezi, na hakukosa hata mwezi mmoja. Kila kijana alitakiwa kutoa shilingi 40,000 kama malipo ya awali, na wakala alitoa muda mfupi mno wa kulipa, akisema kwamba parokia nyingine zilikuwa zinazing'ang'ania nafasi hizo hizo.

Tiketi ndizo zilizomfichua. Alitukabidhi bahasha yenye karatasi za rangi, kila moja ikiwa na jina la kijana, nembo ya shirika la ndege, saa ya kuondoka uwanja wa ndege wa JKIA na hata namba ya kiti. Vijana walizipiga picha wakazituma kwa jamaa zao mpaka ushago. Mmoja wao ana dada anayefanya kazi katika ofisi ya kuuza tiketi, na dada huyo alipoiona picha alijibu kwa swali moja tu: mtu anapataje kiti kwenye ndege ambayo bado haijaanza kuuzwa? Mashirika mengi ya ndege hufungua ratiba zao kwa wateja takriban siku 330 hadi 360 kabla ya tarehe ya safari. Kwa hiyo yeyote anayekuonyesha tiketi ya Agosti 2027 zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku hiyo anakuonyesha kazi ya kompyuta na printa. Tulipozitazama upya zile karatasi, tuligundua kwamba nembo ilikuwa na ukungu kama picha iliyokuzwa kupita kiasi, na kwamba vijana wawili walikuwa wamepewa kiti kimoja.

Ratiba zitakapofunguliwa ujanja utabadilika, na hapo ndipo naomba msomaji awe makini zaidi, kwa kuwa udanganyifu wa pili ni mgumu kuubaini. Wakala anaweza kuhifadhi nafasi halali katika mfumo wa shirika la ndege bila kulipa hata senti. Atapata namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita, nawe ukiiingiza katika tovuti ya shirika utaliona jina lako na safari yako, ukafurahi. Lakini nafasi hiyo imeshikiliwa kwa muda tu, na isipolipiwa kwa wakati mfumo huifuta wenyewe, mara nyingi baada ya siku chache. Tiketi iliyolipiwa ina namba nyingine, ya tarakimu 13, ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates na 157 ni Qatar Airways. Ulizeni namba hiyo ya tarakimu 13 kwa kila msafiri, kisha pigeni simu au nendeni wenyewe katika ofisi ya shirika la ndege mkathibitishe. Wakala anayekasirika kwa kuulizwa namba hiyo amekwisha kuwajibu.

Kuhusu malipo, alitupa namba ya simu badala ya namba ya kampuni, akidai kwamba paybill yake, yaani namba ya kampuni ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ilikuwa inafanyiwa marekebisho. Jina lililojitokeza kwenye ujumbe wa M-Pesa lilikuwa la mtu binafsi ambaye hatukuwahi kukutana naye. Hakutoa risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, bali kipande cha kitabu cha risiti cha kununuliwa dukani. Cheti alichokitundika ukutani, karibu na picha ya Papa Fransisko na mfano wa ndege wa plastiki, kilikuwa cha kusajili jina la biashara tu, ambacho mtu yeyote hukipata kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ambacho si leseni ya wakala wa usafiri. Leseni hiyo hutolewa na TRA, mamlaka ya kusimamia utalii nchini Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na mtu anaweza kuuliza kwao moja kwa moja. Mwenye kampuni halali hawezi pia kuona tabu kuwapa nakala ya CR12, hati ya msajili wa kampuni ambayo huonyesha majina ya wakurugenzi, ili myalinganishe na jina linalopokea fedha. Kulipa bila kuyaona hayo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Aliwaahidi vijana viza ya uhakika. Mkenya anahitaji viza kuingia Korea Kusini, na uamuzi ni wa ubalozi peke yake, kwa hiyo ahadi hiyo haiwezi kutolewa na wakala yeyote awe mwema namna gani. Kwa kisingizio hicho alikusanya pasipoti halisi za baadhi ya vijana, na sasa anadai shilingi 6,500 kwa kila moja kuwa "ada ya faili" kabla ya kuzirudisha. Pasipoti ni mali ya serikali, na hakuna wakala mwenye haki ya kuishikilia kama rehani. Msimlipe. Ripotini kituoni.

Waliokwisha kumpa fedha wasisubiri kikao kingine cha maelewano, kwa sababu vikao ndivyo anavyovitumia kuvuta muda. Kurudishiwa fedha kwa kutuma ujumbe wa muamala kwa 456 husaidia endapo fedha bado zimo katika akaunti ya aliyepokea, na kwa kawaida hawa huzitoa ndani ya dakika. Nendeni kituo cha polisi mkiwa na taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, ile karatasi ya tiketi na mazungumzo ya WhatsApp, na msiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mashtaka ya kujipatia fedha kwa udanganyifu yanaangukia kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Anayetaka kudai fedha zake anaweza pia kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambayo mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.

Kikundi chetu hakijaiacha safari. Michango inayoingia sasa hivi inakaa katika akaunti ya sacco yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mzazi asiye na kijana katika orodha ya wasafiri, na hakuna fedha itakayotoka kwa ajili ya tiketi kabla ya ratiba za Agosti 2027 kufunguliwa. Parokia iliyotembelewa na wakala huyu, hata kama haijalipa chochote, inaombwa iiarifu ofisi ya vijana ya jimbo na kuwasilisha namba ya simu aliyoitumia, kwa kuwa tumegundua kwamba anatumia namba tofauti kwa kila parokia.