Eti niwaambie wateja wangu "wabonyeze kuendelea tu"

Nilisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo naandika nayo.

Nauza vikapu na mikeka ya ukili, na tovuti ya duka langu iko kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhia tovuti, za kampuni moja ambayo jina lake naliacha. Karibu miaka mitatu sikuwa na neno nao. Nalipa mara moja kwa mwaka, tovuti inafunguka, basi. Halafu Jumamosi moja hivi karibuni, asubuhi na mapema, mteja wangu wa Muscat akanitumia picha ya skrini: ukurasa mtupu, alama nyekundu, na onyo kwamba muunganisho si salama, huenda kuna watu wanajaribu kuiba nywila na namba za kadi. Na katikati ya maneno hayo, anwani ya duka langu. Duka nililolijenga kwa kusuka na kubembeleza limeandikwa sentensi moja na wizi.

Kabla ya saa sita ujumbe ulikuwa umeingia kutoka Mwanza, Tanga na Mombasa. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

Akapokea kijana. Swali lake la kwanza: "Dada, saa ya simu yako iko sawa?" Swali lenyewe si baya, nalijua. Mtaani kwetu kuna stationery yenye kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa. Umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na hapo hata tovuti ya benki inatolewa onyo, kwa sababu kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kinalinganisha tarehe ya mashine na tarehe za cheti cha usalama, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba tovuti ni yenyewe kweli. Rekebisha tarehe, onyo linaondoka. Lakini hiyo ni pale mashine moja inapolalamikia tovuti zote. Mimi nilikuwa na watu wa miji minne, kila mtu na simu yake, tovuti nyingine zote zinawafungukia vizuri, yangu tu ndiyo inakataa. Nikamweleza hivyo, tena taratibu. Nikamsomea na maandishi ya kosa, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nikamwambia nimebonyeza alama iliyo kando ya anwani, nimefungua maelezo ya cheti, na muda wake uliisha usiku wa kuamkia siku ile.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Sasa dada, waambie wateja wako wabonyeze pale chini, wachague kuendelea hivyo hivyo. Inafunguka tu."

Inafunguka tu! Mpaka leo nikiosha vyombo naisikia sauti ile. Wateja wangu wengi ni akina mama waliojifunza kununua mtandaoni juzi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba simu ikikuonya, usiendelee, toka. Leo niwaandikie niseme yale niliyowaambia yapuuzeni, kwa kuwa safari hii anayehusika ni mimi? Na tapeli atakayetengeneza duka bandia lenye jina kama langu atawaambia nini zaidi ya hayo hayo?

Tena si kweli kwamba inafunguka. Yule wa Muscat hakuwa na kitufe cha kuendelea kabisa. Tovuti yangu ina mpangilio unaokiagiza kivinjari cha mtu aliyewahi kuitembelea kisikubali kuifungua bila cheti halali. Mfanyakazi wa kampuni ya seva hakulijua hilo, au alilijua akaona uvivu kuniambia.

Usiku ule nilikosa usingizi, nikasoma kisa cha kampuni ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar, iliyokuwa ikitoa vyeti kama hivi. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwao wakajitengenezea cheti bandia cha Google, kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Anwani za intaneti za watumiaji walionaswa zilikuwa kama 300,000. Kilijulikanaje? Mtumiaji mmoja wa Iran aliona onyo kwenye Chrome, akauliza hadharani hili ni nini. Septemba ya mwaka ule ule kampuni ikafilisika. Nikawaza, angekuwa amempigia simu kijana wetu, angeambiwa abonyeze kuendelea.

Saa nane usiku nikapiga tena. Akapokea binti wa zamu. Sikutarajia kitu, na nilikuwa tayari kwa ugomvi. Akasema, "Pole sana, dada yangu. Nipe dakika tano niangalie." Hakuniuliza habari za saa. Akarudi na jibu lililoeleweka: cheti changu ni cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, kinadumu siku 90, na seva hujaribu kukihuisha yenyewe kabla hakijaisha. Ili kukihuisha, watoaji huja kutafuta faili dogo ndani ya tovuti, kuthibitisha kwamba ni yangu kweli. Fundi wangu wa tovuti alikuwa ameweka kanuni inayopeleka kila ombi kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa hiyo kila walipolitafuta faili walitupwa ukurasa wa mwanzo. Binti akaitoa folda yenye faili lile kwenye kanuni, akaomba cheti kipya, akaniambia nifungue. Ikafunguka, bila onyo. Hazikufika dakika kumi.

Hapo nilitaka kuandika mambo mengine kabisa. Kosa la kwanza lilikuwa la fundi niliyemlipa mimi, si lao. Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota moja. Nikasema nne, kwa ajili ya binti yule.

Ila nilimwuliza jambo moja kabla hajakata: seva ilianza kushindwa lini? Akasita. "Karibu mwezi mzima, dada. Imeandikwa humu kila siku."

Mwezi mzima! Kila siku mashine yao inaandika imeshindwa, na hakuna aliyenitumia hata mstari mmoja. Ankara ya mwaka hawajawahi kuisahau. Hiyo inakuja kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu, mara tatu. Na muda wa vyeti unazidi kufupishwa: watengenezaji wa vivinjari na watoaji wa vyeti wamekubaliana kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti cha tovuti kitakachozidi siku 47. Wameshindwa kunionya mara moja katika siku 90, hizo 47 wataziwezaje?

Basi nyota ni mbili, na zote mbili ni za yule binti. Kama mnatumia kampuni kama hii, pigeni usiku. Kuhama sijaamua, nikikumbuka zamu ya asubuhi natafuta kampuni nyingine, nikikumbuka ya usiku naacha.

Wateja wamerudi karibu wote. Mama mmoja wa Tanga alikuwa ameagiza vikapu vinne vya harusi ya mwanawe, bado hajalipia. Nilipompigia alisema, "Mwanangu, simu ilinikataza, nikaacha." Nikamwambia alifanya vizuri sana. Vikapu vyake nimevitenga, vipo juu ya kabati.