Kuzunguka mlima Ausangate, Peru: uzoefu wangu na arriero wa Tinki

Nianze na ushauri kabisa kwa wanaopanga hii safari: pesa yako kubwa mpe arriero wa kijijini Tinki, usiimalizie yote kwa mawakala wa mjini Cusco. Arriero ndo mwenye farasi, mizigo inapanda juu ya farasi (huku hakuna wapagazi wa kubeba kichwani kama Kilimanjaro), anajua njia, anajua maji yako wapi na hema likae upande gani upepo usilisumbue, na kubwa zaidi ule mlima ni wa kwao.

Ausangate unapita mita 6,300, Kilimanjaro yetu na 5,895 yake inaachwa. Ila kileleni ni kazi ya watu wa kamba na barafu, wengi tunauzunguka tu, kilomita kama 70, kwa kawaida siku tano au sita. Na hiyo "tu" isikudanganye jamani, maana pale Palomani, sehemu ya juu kabisa ya njia, unavuka kwenye mita kama 5,200 na usiku karibu zote unalala juu ya 4,000, hakuna pa kushuka ukapumue. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote kaa Cusco siku kadhaa, pale peke yake ni mita 3,400, tembea polepole, kunywa maji, kichwa kikikugonga usipande mpaka kitulie. Dawa za mwinuko ongea na daktari ungali nyumbani.

Cusco mpaka Tinki ni basi la kama masaa matatu, barabara ya lami inayoelekea Puerto Maldonado. Pale pale kijijini unakubaliana bei ya farasi na ya mtu, mbali mbali, na muulize chakula chake nani anatoa, hili watu wengi wanalisahau halafu ugomvi unaanzia njiani. Arriero wangu alikuwa anaongea Kikechua, lugha ya wenyeji, zaidi na Kihispania kidogo, mimi Kihispania changu cha kuombea maji, na bado tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na duka nililokodi vifaa Cusco, maana sliping begi walonipa zipu ilikuwa imekufa, na kule kambi ya Upis maji yaliganda kwenye chupa ndani ya hema. Juni mpaka Agosti ni kiangazi chao, mvua hakuna ila baridi ya usiku ni kali sana, kwa hiyo kila kifaa kijaribu mbele ya muuzaji, fungua, funga, lala ndani hata kama wanakuangalia.

Sasa kitu kilichonigusa. Wenyeji wanasema Ausangate ni Apu, bwana mkubwa anayelinda watu, mifugo na maji yao. Tulipofika Palomani mimi nahema vibaya, arriero wangu hata hakukaa kupumzika, akatoa kifuko cha majani ya koka, akachambua mpaka akapata matatu mazima yasiyo na tundu, akayapanga kama kipepeo mdogo kati ya vidole, akayapuliza kuelekea kwenye barafu huku ananong'ona, kisha akayaweka chini ya jiwe. Hakunitazama, hakusubiri picha. Akanipa na mimi majani matatu. Nilifanya kama alivyofanya, kwa heshima zote. Kwa hiyo ukienda beba mfuko wa koka kutoka sokoni Cusco umzawadie, kule ni halali, ila usithubutu kupanda nayo ndege kurudi.

Chakula sikielezei sana, supu ya viazi na wali, inatosha. Chemchemi za maji ya moto za kijiji cha Pacchanta siku ya mwisho, oga, usiulize mara mbili.

Ukitaka kuona ibada yenyewe, hija ya Qoyllur Rit'i inafanyika bonde la Sinakara, barabara hiyo hiyo ya Tinki, siku chache kabla ya sikukuu ya Kikatoliki ya Corpus Christi, maelfu ya watu wanapanda wanacheza ngoma usiku na mchana, tangu 2011 UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi. Ila magari yanajaa kupita kiasi, panga mapema.

Soli (pesa ya Peru) taslimu beba za kutosha na za chenji, vijiji njiani vinatoza ada ndogo ndogo na hakuna wa kukuvunjia noti kubwa. Na bakshishi mpe arriero mwenyewe mkononi, usiiache kwa mtu amfikishie.