Uzoefu wangu na ofisi ya ugani ya kaunti baada ya misimu mitatu

Ofisi ya ugani ya kaunti yetu hutoa karatasi ya habari kila mwezi, kurasa nne, na yale ya haraka huyatuma kwa ujumbe wa simu. Nimeisoma kwa misimu mitatu bila kuruka, na nimetumia huduma zilizotangazwa humo: kupimiwa udongo, kukagua viwavijeshi, shamba la mfano na mafunzo ya kuhifadhi nafaka. Namwandikia mkulima ambaye bado anaipita ofisi hiyo akidhani kazi yake ni kugonga mihuri.

Nianze na udongo, maana ndipo nilipofaidika zaidi. Kwa miaka mingi mahindi yangu yalikuwa yanaota vizuri, lakini kabla hayajafika magotini kingo za majani ya chini zinageuka zambarau na mimea inadumaa. Nilikuwa naongeza mbolea ya kupandia. Kila msimu naongeza, kila msimu zambarau ileile. Karatasi ilipotangaza wiki ya kupokea sampuli, nikachota udongo nikaupeleka siku hiyohiyo.

Afisa wa ugani, dada mmoja mtulivu, aliuangalia ule mfuko kabla hata hajaandika jina langu. "Mama, udongo huu umeuchota wapi?"

Nikamwambia nyuma ya zizi.

"Hapo pana samadi ya miaka. Majibu yatakudanganya. Rudi uchote shamba lote."

Akanieleza taratibu, na mimi nayaeleza hapa kwa sababu wengi tunakosea palepale. Tembea shambani kwa kupinda huku na huku, usimame sehemu 15 hadi 20, ufukue kina cha sentimita 20 hivi. Epuka kichuguu, palipochomwa takataka na palipolundikwa mbolea. Tumia ndoo ya plastiki iliyo safi, kwa maana ya bati imepakwa zinki, na zinki ni mojawapo ya virutubisho wanavyopima. Changanya vizuri, chukua nusu kilo tu, uianike kivulini. Sehemu ya shamba iliyo tofauti, tuseme bondeni au yenye udongo mwekundu, inapata mfuko wake. Kazi yote ilinichukua asubuhi moja.

Majibu yalisema pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ni 4.9; namba ikishuka, uchachu umezidi. Hapo ndipo nilipoielewa ile zambarau. Udongo ukiwa na pH ya chini ya 5.5, alumini iliyomo huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi, na fosforasi, kirutubisho ambacho mahindi yakikikosa majani hugeuka zambarau, hushikwa na udongo mmea usiweze kuifikia. Kwa hiyo mbolea niliyokuwa nanunua ilikuwamo ardhini, imefungiwa. Dawa yake ilikuwa chokaa ya kilimo, iliyochanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye majibu. Msimu uliofuata sikuongeza hata kiganja kimoja cha mbolea juu ya kile nilichoshauriwa, na majani yalikaa kijani mpaka mahindi yakatoa mbelewele.

Lakini nina lalamiko, na ni kubwa. Yale majibu yalinifikia mahindi yakiwa tayari yamechipua. Nilikwenda kuulizia mara nne, kila mara naambiwa maabara haijarudisha. Chokaa haisubiri namna hiyo, kwa hiyo msimu mzima ukapita nikilima udongo ambao tayari ulishajulikana kuwa mgonjwa. Karatasi ile iliyotutangazia wiki ya sampuli ingeweza kutuambia pia majibu huchukua muda gani, nasi tungepanga. Haikusema, na mpaka leo haisemi.

Kwenye viwavijeshi vamizi sina ila shukrani. Mdudu huyu kwao ni Amerika. Aliripotiwa Afrika mara ya kwanza 2016, na India 2018, na nondo wake husafiri mbali kwa upepo. Ofisi imetundika mitego yenye harufu ya nondo jike, na idadi ya madume wanaonaswa ikipanda wanatuma ujumbe. Ujumbe ulinikuta mahindi yana majani sita. Kwa macho sikuwa nimeona kitu. Nilifuata maelekezo: nikapita shamba kwa mchoro wa herufi W, nikasimama sehemu tano, kila sehemu mimea kumi. Nikachuchumaa na kuyafunua majani. Kwenye mmea wa tatu tu niliona vidirisha vyeupe, pale viwavi wachanga wanapokwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba kama karatasi ya nailoni. Mimea mingine moyo wake ulishajaa kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Nikamtoa mmoja kwa kijiti: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia nukta nne zilizopangwa mraba. Ndiye.

Katika mimea 50, iliyoshambuliwa ilikuwa 14. Karatasi ilikuwa imesema mahindi yakiwa bado machanga, ikifika 10 kati ya 50 usingoje. Nilipiga dawa jioni, wakati viwavi wanapotoka kula, nikielekeza kwenye moyo wa mmea. Waliokuwa wakubwa na wamejifukia chini ya kinyesi chao hawakufa wote, lakini wachanga walikwisha. Bila ule ujumbe ningegundua wiki mbili baadaye, na wakati huo dawa inakuwa fedha ya kutupa.

Shamba la mfano ndilo lenye mafunzo mazuri na utaratibu mbovu. Mkulima mwenzetu alitoa nusu ekari, upande mmoja akapanda kama kawaida yake, upande wa pili kwa ushauri wa ofisi, sisi tukawa tunakwenda kuangalia kila hatua. Hakuna mhadhara unaoweza kushindana na mistari miwili inayopakana, huu umenyong'onyea, ule umesimama. Toleo moja la karatasi lilieleza kuwa njia hii ilipata nguvu huko Terrell, Texas, mwaka 1903, Seaman Knapp, mtaalamu wa kilimo wa Marekani, alipomwomba mkulima mmoja ajaribu ushauri wake kwenye shamba lake mwenyewe, na watu wa mji wakaahidi kumfidia akipata hasara. Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Mwenzetu hakuahidiwa chochote. Mvua ilikatika mapema, aina mpya ya mbegu ikamwangusha, hasara akaibeba peke yake. Mwaka huu ofisi inatafuta mtu mwingine wa kutoa shamba na hakuna aliyenyoosha mkono. Nami sikunyoosha, na nitasema sababu hadharani kwenye mkutano ujao: fidia iandikwe kwanza.

Mafunzo ya kuhifadhi nafaka yalikuwa ya saa mbili tu. Ninachokifanya hadi sasa ni kile kipimo cha chumvi cha kujua kama mahindi yamekauka: chupa kavu ya kioo, mahindi theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi iliyokauka kabisa, funika, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi kuhifadhiwa, rudisha turubaini. Unyevu unatakiwa ushuke hadi asilimia 13.5 hivi, la sivyo ukungu unaotoa sumukuvu unapata makao, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Kuhusu karatasi yenyewe: ukurasa wa kwanza kwa kawaida ni picha za wageni kwenye ufunguzi wa hiki na kile, na tahadhari ya wadudu inawekwa ukurasa wa tatu. Igeuzwe. Safu ya bei za soko huwa imepitwa na wakati, siitumii. Mikutano nayo hupangwa saa nne asubuhi katikati ya msimu wa palizi, halafu wanashangaa waliohudhuria ni wachache. Maafisa ni wazuri ila ni wachache mno. Yule dada anahudumia kata tatu akiwa na pikipiki moja, na simu zangu amezipokea hata jioni.

Ukitaka kuanza, anza na udongo, na uupeleke mara tu unapomaliza kuvuna, usingoje watangaze. Sampuli yangu ya mwaka huu iko kivulini tangu juzi, juu ya gunia safi. Kesho naipeleka, nione ile 4.9 imepanda hadi wapi.