Django 5.2 na ufunguo wa pamoja: mzuri, ila si kwa kila jedwali

Toleo la 5.2 la Django (mfumo wa Python wa kutengenezea programu za wavuti), lililotoka Aprili 2025, ndilo la kwanza kuleta CompositePrimaryKey, yaani ufunguo mkuu (kitambulisho cha kipekee cha kila mstari wa jedwali) wa safuwima zaidi ya moja. Wenye majedwali ya kati, yanayounganisha majedwali mengine mawili, waliusubiri sana.

Chukua mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Manzese inapitiwa na mabasi ya Kimara–Kivukoni na ya Kimara–Gerezani, na kila njia ina vituo vyake. ManyToManyField ya kawaida, inayounganisha njia nyingi na vituo vingi, hujitengenezea jedwali la kati lenye id ya baiti 8 ambayo hakuna anayeiuliza, sharti la kuzuia jozi ya njia na kituo kujirudia, na faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwa kila ufunguo wa nje, yaani safuwima inayorejelea jedwali lingine. Faharasa 4 (ya id, ya sharti na 2 za funguo za nje) kwa safuwima 3! Ukiandika modeli (darasa la Python linaloeleza jedwali) ya kati mwenyewe, tuseme unataka safuwima ya mpangilio, sharti hilo haliji lenyewe. Usipoliweka, Manzese itaingia mara mbili kwenye njia ileile na hifadhidata itanyamaza.

Kwa ufunguo mpya unaandika pk = models.CompositePrimaryKey("njia_id", "kituo_id"), na jozi inalindwa. Anza na safuwima unayotafutia zaidi. Faharasa ya ufunguo tayari inahudumia utafutaji wa njia, kwa hiyo weka db_index=False kwenye njia; ya kituo iache, maana swali la "njia zipi zinapita hapa?" linaitegemea.

Kasoro zake zinauma. Modeli ya namna hii haisajiliki kwenye admin, yaani kurasa za Django za kusimamia data. ForeignKey (ufunguo wa nje) haiwezi kuielekea, kwa hiyo ukitaka jedwali la tiketi lirejelee mstari wa njia_kituo, umekwama. Jedwali likishaundwa, migresheni (hatua ya Django ya kubadilisha muundo wa hifadhidata) haibadilishi ufunguo. Mbaya kuliko zote: ukibadilisha kituo_id ya mstari kisha ukaita save(), unapata mstari mpya huku wa zamani ukibaki palepale. Futa kwanza, au tumia update().

Kwa mifumo mingi tungebaki na id pamoja na UniqueConstraint (sharti la kuzuia marudio) ya jozi. Ufunguo wa pamoja tungeuachia majedwali yasiyo na lolote zaidi ya jozi. Kama jedwali lina data tayari, tafuta kwanza marudio kwa GROUP BY njia_id, kituo_id HAVING COUNT(*) > 1 na uyaondoe, la sivyo migresheni ya sharti itagoma.